Gauni la Sukari

Mbinga Mjini,
16 Februari 1997

Wifi yangu Vitalia,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute na nguvu zako, wewe na Mama, na vijana wako wawili wakiwa wanakwenda shule bila kusukumwa. Huku mvua haijatupumzisha tangu Noeli, na barabara ya kushuka kwenu wanasema imekatika sehemu mbili. Kifua changu kimetulia. Mgahawa unaendelea. Tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waanze kuja na magari yao, mezani kwangu wanakaa watu wa kila aina, na siku hizi wanauliza hata keki. Kaka Bernadi hajambo. Kampuni inamzungusha vijijini kukagua mashamba, lakini kila akipita mjini anakula kwangu.

Wifi, nina shida ya jikoni. Kuna mtoto wa kike huku atapokea Komunio ya Kwanza sikukuu ya Ekaristi, tarehe mosi Juni. Nataka kumtengenezea keki ya mwanasesere, ile ambayo keki yenyewe ndiyo sketi na mwanasesere anasimama katikati. Nakumbuka ulitusimulia kwamba ulimsaidia Sista Hildegardi kutengeneza moja ulipokuwa unafanya kazi jikoni misheni, na gauni lake lilikuwa la sukari, laini kama kitambaa. Mimi najua keki ya kawaida tu. Niandikie namna ya kufanya, hatua kwa hatua, kama unavyomwandikia mtu asiyejua kitu.

Mwambie Mama namwamkia.

Wifi yako,
Ottilia


Lundo,
9 Machi 1997

Kwa wifi Ottilia,

Marahaba. Barua yako ilikaa Mbamba Bay ikisubiri lori, ndiyo maana unaona nachelewa. Sisi tupo. Mama miguu inamvimba lakini mdomo mzima, kutwa anaulizia watoto wake wa Mbinga. Vijana hawajambo. Ziwani usipa mwezi huu umepatikana kidogo, muhogo umetosha. Bernadi tangu aondoke baada ya Noeli sijapata hata mstari mmoja. Nashukuru kusikia kwamba anakula.

Sasa keki. Oka mbili: moja kwenye sufuria ya kawaida, nyingine kwenye bakuli la bati lenye tako jembamba. Ziache zipoe kabisa, hata kama ni mpaka kesho yake. Weka ya sufuria chini, ya bakuli juu ukiwa umeigeuza, chonga kingo kwa kisu mpaka upate umbo la sketi. Toboa katikati. Mwanasesere mvue nguo, mfunge miguu kwa nailoni safi, mtumbukize mpaka kiunoni.

Gauni ndiyo kazi. Sista aliita fondanti, sisi wasichana wa jikoni tuliita ngozi ya sukari. Chekecha kilo moja ya sukari ya unga. Loweka jelatini kijiko kimoja cha mezani kwenye maji kidogo mpaka ivimbe, kisha iyeyushe juu ya maji ya moto bila kuichemsha. Ongeza glukosi, au asali kama glukosi hakuna, na kijiko kimoja cha gliserini ya duka la dawa. Mimina katikati ya sukari, ukande kama unga wa chapati hadi usishike mkono. Usisahau jelatini. Hiyo ndiyo mifupa ya ile ngozi. Bila hiyo gauni halisimami. Sukuma kwa chupa, nyunyizia sukari chini isigande, paka keki siagi ya sukari, halafu mvike. Marinda unayakunja kwa kijiti cha kuchokolea meno.

Sista alifanya kazi ile siku tatu, na ilikuwa jubilei ya Mama Mkuu. Ndiyo maana nauliza, mtoto huyu ni wa nani? Keki ya namna hii mtu hamfanyii mpita njia.

Mimi,
Vitalia


Mbinga Mjini,
Alhamisi Kuu, 27 Machi 1997

Wifi Vitalia,

Shikamoo. Nakuandikia nikitoka kanisani, miguu imelowa. Pole kwa Mama. Nimempa dereva dawa ya kuchua amletee. Kaka anasalimu sana. Anasema Pasaka hii hataweza kuja kwa sababu ya barabara.

Asante kwa maelezo. Nimejaribu kwanza juu ya sahani iliyopinduliwa, bila jelatini kwa kuwa Mbinga nzima hakuna. Ngozi ilikauka ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Kuna mtu wa Songea ameahidi kuniletea jelatini. Mwanasesere nimempata kwa mchuuzi anayevusha vitu kutoka Malawi: mweupe, nywele za njano, macho yanafumba ukimlaza. Nitamfunika nywele kwa shela.

Mtoto ni wa watu ninaofahamiana nao huku. Ni mtoto mzuri, anasoma vizuri.

Nataka jina lake lizunguke pindo la gauni, herufi za sukari nyeupe juu ya rangi ya waridi. Jina ni la herufi saba. Tafadhali nichoree herufi zote za alfabeti jinsi Sista alivyokuwa anazikata, mimi nitachagua zangu.

Pasaka njema kwenu nyote.

Ottilia


Lundo,
20 Aprili 1997

Wifi Ottilia,

Marahaba. Dawa ya Mama imefika, anachuliwa asubuhi na jioni. Kijana mkubwa alikuwa na homa, amepona. Pasaka tulikula watatu na Mama wa nne.

Jumatatu ya Pasaka alifika hapa Mansuetus, yule anayepeleka usipa Mbinga. Unamfahamu, si mtu wa maneno mengi. Alikuja kwa barabara hiyo hiyo iliyomshinda kaka yako. Nikampa ugali, nikamuuliza habari za huko. Akasema, "Shemeji, mumeo nimemwona kijijini Ruanda, huko huko Mbinga, anaendesha baiskeli, amepakia binti."

Nikamuuliza, "Binti mkubwa?"

"Wa miaka tisa hivi. Ana gauni jipya."

"Labda mtoto wa mwenyeji wake."

Mansuetus akala kwanza. Kisha akasema, "Alikuwa anamwita baba."

Nimemuuliza mara tatu, siku tatu tofauti, na mara zote amesema vilevile. Wewe unaishi naye mji mmoja, anakula mezani kwako. Huwezi kuniambia kwamba hujui anakwenda Ruanda kufanya nini.

Na wewe unanitaka nichore herufi ishirini na kitu ili usitaje jina la herufi saba. Wifi, tangu uache utawa kwa ajili ya kifua chako, mimi nimekuwa nikikutetea hapa mbele ya watu waliosema umefukuzwa. Sikukuuliza chochote. Sasa nakuuliza. Mtoto anaitwa nani, na ni wa nani? Nikijua jina nitakuchorea herufi zake. Nisipojua sichori.

Vitalia


Mbinga Mjini,
6 Mei 1997

Wifi Vitalia,

Shikamoo. Nimefurahi kijana amepona. Huku baridi imeanza, asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni.

Mansuetus aliona alichoona, lakini huku watoto wengi humwita kaka "baba". Ni heshima tu. Amekaa Mbinga tangu enzi za ushirika, watu wamemzoea. Naomba usimwandikie kwa hasira, ana mambo mengi kazini.

Herufi nimezikata mwenyewe kwa kisu cha kumenyea viazi. Nyingine zimetoka vizuri. A ndiyo inanisumbua, na ziko mbili, ya kwanza na ya mwisho, na R inavunjika mguu kila nikiinyanyua. Nimeamua kuzikausha juu ya chungu kilichopinduliwa ili zipate mviringo wa sketi.

Yule mtu wa Songea hakuleta jelatini, na nadhani hataleta. Zimebaki wiki tatu na ushee. Nifanyeje, wifi? Sina mwingine wa kumuuliza.

Ottilia


Lundo,
15 Mei 1997
Kwa mkono wa Mansuetus

Wifi yangu mpenzi Ottilia,

Marahaba, mwanangu. Hapa hatuna neno. Jana nilikuwa namchua Mama miguu nikamwita kwa utani jina lake la ubatizo, nikasema, "Aurelia, leta na mguu wa kushoto," akacheka mpaka akakohoa. Hajaitwa jina hilo siku nyingi.

Maswali yangu yasahau. Mtu akikaa peke yake huku ziwani anawaza vingi. Kazi ya keki ndiyo ya muhimu.

Kuhusu jelatini, nilikwambia ni lazima, lakini nimekumbuka vizuri kwamba Sista wakati mwingine aliiacha. Kule kupasuka kulitokana na ukavu tu. Dawa yake ni gliserini: weka vijiko vinne badala ya kimoja, na asali iwe nusu kikombe. Ukiona inalainika sana usiogope, ndivyo inavyotakiwa, gauni litaanguka vizuri kama hariri. Na usisubiri keki ipoe sana. Mvike ikiwa bado na uvuguvugu, ngozi inashika haraka. Fanya siku ile ile ya Komunio alfajiri ili iwe mbichi. Marinda yafanye mengi na mazito, ndiyo yanayompendeza mtoto.

Nakutakia sherehe njema. Mpe huyo binti pongezi zangu.

Wifi yako,
Vitalia


Mbinga Mjini,
8 Juni 1997

Wifi Vitalia,

Shikamoo. Mwamkie Mama. Leo sina habari nyingine za kutanguliza, nisamehe.

Sherehe ilikuwa Ruanda, nyumbani kwa mama mmoja mjane anaitwa Celestina, anayemlea yule mtoto. Nilikwenda Jumamosi na sufuria zangu zote. Jumapili niliamka saa tisa usiku, nikafanya kama ulivyoandika, neno kwa neno, barua yako nimeibandika ukutani. Alfajiri ilipendeza, Vitalia. Gauni la waridi hafifu, marinda safu tano, shela nyeupe, jina pindoni. Kaka alipoiona alivua kofia.

Tulipotoka misa tuliiweka mezani chini ya turubai. Watu walikuwa wengi, jua limewaka. Katekista alikuwa bado anasali sala ya chakula nilipoona rinda la chini linashuka. Nikadhani ni macho yangu. Likafuata la pili. Kisha marinda yote yakateremka kwa pamoja, polepole, yakilivuta jina, na kifua cha gauni kikachanika kwapani kikaanguka. Mwanasesere akabaki uchi mpaka kiunoni, amesimama kwenye tope la sukari, na shela kichwani. Watoto wakacheka. Halafu mama mmoja wa jumuiya akasema, si kwa sauti ya kunong'ona, "Hata sukari imekataa kumvisha. Mtoto huyu ana lake."

Mtoto alisikia. Alikuwa amekaa pale na mshumaa wake.

Nilikimbilia nyuma ya jiko. Akanifuata, akanishika kitenge. Akasema, "Shangazi, usilie. Si itakuwa tamu hivyo hivyo?"

Nikamwambia, "Mimi si shangazi yako."

"Ni nani sasa?"

"Ni mama yako."

Sikupanga. Miaka tisa nimepanga nisiseme, na likatoka hivyo hivyo na makamasi. Celestina alikuwa mlangoni na sahani, na wanawake wawili nyuma yake. Kufikia jioni Ruanda yote ilijua.

Basi na wewe ujue. Anaitwa Aurelia, jina la Mama. Nilimzaa mwaka 1988. Utawa sikuuacha kwa kifua, niliuacha kwa mimba. Mama alikwisha kuwatangazia watu wa Lundo kwamba ana binti sista, nikashindwa kurudi nyumbani na tumbo. Kaka ndiye aliyenipeleka kwa Celestina. Siku ya ubatizo waliponiuliza jina la baba, kaka akasema, "Andikeni Bernadi." Ndiyo maana anamwita baba, na mimi akaniita shangazi. Baba yake wa kweli usiniulize, sitakujibu hata ukija mwenyewe. Kaka hana mwanamke huku, na hajawahi kuwa naye. Kila mwaka aliniambia nikueleze, nami kila mwaka nilimwomba asubiri. Nilikuogopa wewe kuliko nilivyomwogopa Mama, kwa sababu wewe unauliza.

Mama usimwambie bado.

Jambo moja tu nataka kujua. Nilifuata kila ulichoandika. Nilikosea wapi?

Ottilia


Lundo,
13 Julai 1997

Ottilia,

Marahaba, ingawa sistahili kuamkiwa. Mama hajambo, miguu imepungua uvimbe. Vijana wamefunga shule.

Hukukosea popote.

Barua yako ya Mei nilipoisoma, niliandika herufi chini kwa kijiti: saba, A mwanzo, A mwisho, katikati R. Haikunichukua muda. Nikaangalia barazani, mwenye jina amekaa anachambua maharage. Nikasema basi, ni mtoto wa nyumba hii, yaani wa Bernadi. Na wewe wifi yangu unampikia keki binti wa mwanamke mwenzangu, tena kwa mikono yangu mimi. Kwamba wewe nawe ni mtoto wa Mama Aurelia, kwamba na wewe unaweza kumpa mtu jina lile, sikuwaza. Ulikuwa sista kichwani mwangu.

Jelatini Sista hakuiacha hata siku moja. Gliserini vijiko vinne inalegeza ngozi yote. Keki yenye uvuguvugu inaiyeyusha. Marinda mazito yanaivuta chini. Yote nilijua. Niliandika kwa mwandiko mzuri, nikakuita mpenzi, nikampa Mansuetus, nikaenda zangu kuosha vyombo. Nilitaka mwanamke huyo wa Ruanda aaibike mbele ya watu wake. Siku ya Ekaristi hapa Lundo niliketi kanisani nikihesabu saa: sasa wanatoka misa, sasa wanaweka mezani. Nilifurahi, Ottilia. Sitaki nikufiche hata hilo. Mtoto sikumfikiria. Nilimwona kama herufi.

Bernadi alikuja juma lililopita. Nikamwambia nimejua habari za Aurelia. Aliomba maji, akanywa kata nzima, kisha akasema, "Sasa nitalala." La gauni sikumwambia. Niliona ulijue kwanza wewe, halafu utakavyoamua. Ukisema nimwambie, nitamwambia. Ukisema nije Ruanda nisimame mbele ya wale akina mama wa jumuiya nieleze kwamba sukari haikukataa, nitapanda lori nije.

Mama sijamwambia. Ila ananitazama. Jana ameniuliza kwa nini barua za Mbinga siku hizi nazisomea chooni.

Vitalia


Mbinga Mjini,
17 Agosti 1997

Wifi Vitalia,

Shikamoo. Kahawa imeanza kuteremka, mgahawa unajaa kuanzia alfajiri, na kaka amekonda kwa safari lakini ni mzima.

Barua yako niliisoma nikaifungia kabatini wiki tatu. Niliogopa nikikujibu haraka nitaandika maneno ambayo Mama atakuja kuyasikia. Kwanza nilitaka kumwambia kaka. Kisha nikaona nitampa mzigo mwingine wa kubeba kwa niaba yangu, na amebeba vya kutosha. Hilo libaki kati yetu wawili. Ruanda usije. Wale akina mama sasa wanazungumza habari zangu, si za sukari, na ukweli huo walikuwa wausikie siku moja.

Uliniuliza mara mbili, nami sikukujibu. Hilo ni langu, nalibeba. Kama ningekwambia Februari, ungenichorea herufi. Lakini mtoto hakukuuliza wala hakukuficha kitu. Alikaa pale na mshumaa. Kila nikitaka kuandika kwamba yameisha, naona ule mshumaa, nasita.

Ananiita mama tangu Julai. Mara nyingine anasahau anasema shangazi, anajisahihisha, na sisi wote wawili tunajifanya hatukusikia. Bado anakaa kwa Celestina siku za shule. Jumamosi anakuja kwangu, anasimama kwenye kigoda, anakanda. Mikono yake ni mizuri kuliko yangu.

Tutashuka Lundo Jumamosi tarehe 6 Septemba, lori likikubali. Mama nitamwambia mwenyewe, mtoto akiwa mbele yake, ili akitaka kunifukuza amwone kwanza anayemfukuza. Naomba siku hiyo uwe karibu. Usiseme kitu, kaa tu chumba kile kile. Aurelia ameuliza atakuitaje, nikamwambia akuulize wewe.

Na jambo la mwisho, usilichukulie vibaya. Mtoto mpe chakula chochote cha nyumbani kwako, ni nyumba ya bibi yake. Mimi siku za kwanza utanipisha jikoni nijipikie. Nitakula nawe sahani moja, wifi, lakini si Jumamosi hiyo.

Ottilia